Karatasi Kwanza, Ugawaji Baadaye: Mwongozo wa Wazee wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya kuhusu Shamba, Fedha na Wasia

Mzee mwenye ekari sita kule Njoro au Lugari anapoanza kufikiria atakayowaachia wanawe, jambo la kwanza analouliza huwa ni jinsi ya kuandika wasia. Swali hilo ni jema, ila si la kuanzia. Wasia hugawa mali ya anayeuandika tu. Ikiwa shamba unalolima tangu ujana wako bado limesajiliwa kwa jina la baba yako aliyefariki mwaka 1974, basi hata wasia ulioandikwa na wakili bora wa Kisumu hautawapa wanao hatimiliki, utawapa kesi. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na karatasi na kuacha ugawaji kwa baadaye, na ndiyo sababu hatua za mwanzo ni ndefu kuliko za mwisho.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kila aliyepita umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo ya jamaa zake na ya serikali. Matunzo hayo ni haki. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni lazima kwanza uwaandikie watoto shamba ndipo wakutunze.

Hatua ya kwanza: orodhesha mali na madeni

Chukua daftari moja uandike kila ulicho nacho: mashamba na ploti pamoja na namba zake, nyumba za kupangisha, mifugo, magari, akaunti za benki, hisa na akiba za sako (chama cha akiba na mikopo), pensheni, bima, pesa za chama na miwa iliyo shambani ikisubiri kuvunwa. Ukurasa unaofuata uandike madeni, ukiwemo mkopo wa mtu mwingine uliouwekea dhamana. Wazee wengi husahau kwamba waliwahi kuwa wadhamini wa mkopo wa mtoto au jirani katika sako, ilhali deni kama hilo linaweza kudaiwa kwenye mali wanayoiacha. Kazi hii ni ya siku moja, na haihitaji wakili.

Hatua ya pili: jua shamba limeandikwa kwa jina la nani

Usiamini hatimiliki iliyo kabatini pekee, kwa sababu inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Hali ya leo imo katika daftari la msajili wa ardhi. Peleka nakala ya hatimiliki, kitambulisho na namba yako ya mlipa kodi ya KRA katika afisi ya ardhi ya eneo lako, iwe Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma au kwingineko, uombe upekuzi rasmi, ambao watu wa afisi hizo huuita sachi. Utalipa ada na kupewa cheti chenye muhuri.

Kisome cheti hicho taratibu, au usomewe na mtu asiye na tamaa na shamba lako. Kina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, na kama ni milki huru au ya kukodishwa na serikali kwa miaka maalumu. Ya pili inataja mmiliki. Ya tatu ndiyo ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye mitego: humo huandikwa mikopo iliyowekewa shamba kama dhamana, amri za mahakama, na zuio lililowekwa na mtu anayedai kuwa na haki katika ardhi hiyo. Mkopo uliolipwa miaka 20 iliyopita unaweza kuwa bado umeandikwa hapo kwa sababu hakuna aliyepeleka hati ya kuufuta. Mwombe mkopeshaji hati hiyo ungali hai na risiti zako zikiwa zinasomeka.

Linganisha pia majina. Kitambulisho kikisema Wafula na hatimiliki ikisema Wafulla, au jina la ubatizo likiwa kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine, msajili atasita. Ungali hai, jambo hilo huweza kutatuliwa kwa hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Ukishafariki, wanao watahitaji kuithibitishia mahakama kwamba Wafula ndiye Wafulla, na ndugu mwenye kinyongo atapata pa kuanzia ubishi.

Nakuru ina tatizo lake la pekee. Baada ya uhuru, watu wengi wa Bahati, Subukia, Njoro na Molo walipata ardhi kupitia kampuni na vyama vya kununua mashamba ya walowezi, wakapewa cheti cha hisa na kuonyeshwa kipande chao, kisha wakajenga na kulima kwa miaka mingi bila kuchukua hatimiliki. Wengine wa maeneo hayo, na wa Lugari na Trans Nzoia, walipewa mashamba katika mipango ya makazi na hawakumaliza kulipa mkopo wa serikali, kwa hiyo hatimiliki haijatolewa au imeandikwa deni. Ukiwa mmoja wao, cheti cha hisa, barua ya mgao, risiti za ada ya upimaji na kadi ya balloti (kura ya kugawiwa kipande) ndizo mali yako ya kisheria kwa sasa. Zitengenezee nakala, ulipe salio, na ufuatilie hatimiliki wewe mwenyewe, kwa kuwa wewe ndiye unayejua ulipewa kipande kipi na nani alikuwa jirani yako siku ya kugawiwa.

Magharibi kuna tatizo jingine. Ardhi ilipopimwa na kusajiliwa miaka ya 1960 na 1970, familia nyingi zilimwandikisha mwana mmoja, mara nyingi kifungua mimba, kwa niaba ya ndugu wote. Kama wewe ndiye uliyeandikwa hivyo, jina lako pekee kwenye hatimiliki halikupi ruhusa ya kuwatupa nje watoto wa ndugu zako. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, kwamba amana ya kimila, yaani kushikilia ardhi kwa niaba ya familia, inaweza kumfunga mmiliki aliyesajiliwa hata kama haikuandikwa katika daftari. Ushauri wangu ni kuwapimia ndugu sehemu zao sasa na kila mmoja apate hatimiliki yake, kabla hujagusa suala la wanao.

Aliye na ploti mjini Kisumu au Nakuru aangalie jambo moja zaidi: kama ardhi ni ya kukodishwa, imebakisha miaka mingapi, na kama kodi ya ardhi ya serikali kuu na ada za kaunti zimelipwa, kwa kuwa hakuna uhamisho utakaopita bila vyeti vya kutodaiwa. Aliyepoteza hatimiliki apige ripoti polisi, aape kiapo, kisha amwombe msajili hati nyingine. Tangazo hutolewa na hukaa siku 60 kabla ya hati mpya kutoka.

Hatua ya tatu: ikiwa shamba lingali kwa jina la marehemu

Hapa ndipo familia nyingi za Vihiga, Siaya na Busia zimekwama vizazi viwili au vitatu. Baba analima, mwana analima, wajukuu wanajenga, na mmiliki katika daftari ni mtu aliyezikwa zamani. Habari njema ni kwamba sheria haikuweka muda wa mwisho wa kuomba usimamizi wa mirathi, yaani mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu. Unaweza kuanza leo hata kwa mtu aliyefariki miaka 40 iliyopita.

Utahitaji cheti cha kifo. Kama kifo hakikuandikishwa, afisi ya usajili wa vizazi na vifo hupokea maombi ya kuchelewa kupitia kwa chifu. Utahitaji cheti cha upekuzi wa shamba. Kisha utahitaji barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu, na barua hii ndiyo roho ya shauri zima. Ni lazima iwataje wajane wote, watoto wote wa kiume na wa kike, binti walioolewa wakiwemo, na watoto waliofariki wakaacha watoto wao. Nenda kwa chifu na ndugu zako wote, jina lisomwe mbele ya kila mmoja. Anayeacha dada yake nje ya barua hiyo anajenga juu ya mchanga, maana hati ya usimamizi iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu inaweza kufutwa na mahakama wakati wowote, hata baada ya shamba kugawanywa.

Maombi hupelekwa katika mahakama ya hakimu ikiwa thamani ya mali haizidi uwezo wake, ambao kwa hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Siaya, miongoni mwa miji mingine. Marehemu asiyeacha wasia huombewa kwa fomu ya P&A 80, na aliyeacha wasia ulioandikwa kwa P&A 78, pamoja na viapo vinavyoambatana nazo. Ndugu walio na haki sawa na mwombaji hutia sahihi ya kukubali. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hapo mahakama hutoa barua za usimamizi (ndiyo hati ya usimamizi) kwa mtu mmoja au zaidi, wasiozidi wanne.

Barua hizo hazimpi msimamizi ruhusa ya kuuza ardhi wala kuigawa. Kwa kawaida ni sharti ipite miezi sita, kisha arudi mahakamani kuomba uthibitisho, akiwa na orodha ya nani anapata nini. Cheti cha uthibitisho ndicho kinachopelekwa kwa msajili wa ardhi. Kama shamba litakatwa vipande, mpima ardhi huandaa michoro ya mgawanyo na Bodi ya Kudhibiti Ardhi hutoa kibali. Kenya haitozi kodi ya urithi, lakini upimaji, ada za usajili na malipo ya wakili ni gharama halisi, na ni afadhali ndugu wachange mapema kuliko kumtegemea mmoja ambaye baadaye atadai kipande cha ziada.

Anayeuza hata robo ekari ya marehemu kabla ya kupata mamlaka anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnunuzi naye hubaki na karatasi ya makubaliano isiyo na nguvu.

Hatua ya nne: uamue kama utagawa ukiwa hai

Karatasi zikishanyooka, swali la pili ni kama uwape watoto ardhi sasa au uwaachie kwa wasia. Kila njia ina hoja zake, lakini mimi siwashauri wazee kuhamisha mali yote wakiwa hai. Mtoto mwema anaweza kufariki kabla yako, na shamba ulilomwandikia likaingia katika mirathi yake mwenyewe, ukawa wewe mzazi unasubiri mkwe akubali ukae. Anaweza pia kukopa akaweka hatimiliki kuwa dhamana, benki ikauza. Hakuna ubaya wa moyo katika mifano hiyo miwili. Ni mambo ya kawaida ya maisha.

Unayetaka kugawa sasa, ligawe shamba kwa kulipima, lakini kipande chenye nyumba yako, kisima na sehemu ya kulima kibaki kwa jina lako mpaka mwisho. Njia nyingine ni kuandikisha shamba kwa majina ya pamoja kwa mafungu yaliyotajwa, kwa mfano nusu yako na nusu ya mwanao, ili lisiuzwe lote bila sahihi yako. Mume na mke wanaweza kuandikishwa kama wamiliki wasiogawanyika, na mmoja akifariki msajili hufuta jina lake kwa kuonyeshwa cheti cha kifo, na mali yote ikabaki kwa aliye hai bila kupitia kesi ya mirathi. Kwa nyumba ya wanandoa wawili waliozeeka pamoja, sijaona mpango rahisi kuliko huo.

Shamba la kilimo halihamishwi bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano kufanywa, la sivyo makubaliano yanakuwa batili. Mwenye shamba hufika mbele ya bodi pamoja na mwenzi wake na huulizwa kama anajua anachokifanya. Usiruhusu mtu akuwakilishe siku hiyo kama unaweza kutembea. Mali ya ndoa, hasa nyumba mnamoishi, haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Zaidi ya hayo kuna ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini, ambao watu husahau kuuhesabu wanapoamua kugawa haraka.

Chochote unachompa mtoto ukiwa hai, kiandike: tarehe, kipimo, na kama ni fungu lake lote au ni nyongeza. Usipoacha wasia, mahakama huzingatia ulichokwisha kumpa mtoto, lakini ni lazima kwanza kithibitishwe.

Hatua ya tano: andika wasia

Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wasia, na sheria haimlazimishi kwenda kwa wakili, kuupiga muhuri wala kuusajili mahali. Masharti yaliyowekwa ni machache, na kwa sababu ni machache hayavumilii uzembe.

Wasia uwe umeandikwa, na wewe utie sahihi au alama ya dole gumba. Mashahidi wawili au zaidi wakuone ukitia sahihi, au uwaambie waziwazi kwamba sahihi ile ni yako, kisha kila mmoja atie yake mbele yako. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mke au mume wa mtu huyo, maana alichoachiwa kitabatilika isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasio na faida yoyote. Mwalimu mstaafu wa jirani na katibu wa kanisa wanatosha. Mtaje msimamizi atakayetekeleza wasia na wa pili wa akiba, wote wakiwa na umri mdogo kuliko wako, na uwaombe ridhaa kabla ya kuwaandika.

Mama asiyejua kusoma afanyiwe hivi: wasia uandikwe kwa lugha anayoielewa au usomwe kwake kwa lugha hiyo, sentensi baada ya sentensi, na mwishoni kuwe na maneno yanayosema kwamba ulisomwa kwake na fulani kwa Kiluhya, Kidholuo, Kikuyu au Kiswahili, akauelewa na kuukubali, ndipo akaweka dole. Watoto watakaorithi wasiwemo chumbani. Kama amekuwa akiugua, barua ya daktari ya juma lilelile inayosema kwamba akili yake ni timamu ina thamani kubwa kuliko hotuba za mashahidi kumi, kwa kuwa wasia uliopatikana kwa shinikizo au udanganyifu hauna nguvu, na hoja ya kwanza ya anayepinga huwa ni kwamba mzee hakujua alichotia sahihi.

Ndani ya wasia, taja kila mali kwa namba yake. Usiandike "shamba la chini karibu na mto". Mto ni mrefu. Eleza mali isiyotajwa iende kwa nani. Taja watoto wako wote, hata yule usiyemwachia chochote, na sababu. Uko huru kugawa upendavyo, lakini uhuru huo una mpaka: mke, mume au mtoto ambaye hakutengewa fungu la kutosha anaweza kuiomba mahakama imtengee, mradi afanye hivyo kabla ya hati ya usimamizi kuthibitishwa. Wazazi na jamaa wengine uliokuwa ukiwalisha nao wanaweza kuomba.

Kuhusu binti, bado nasikia barazani kwamba msichana hurithi kwake alikoolewa. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inasema mtoto bila kutenga mvulana na msichana, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliyoketi Eldoret iliamua katika kesi ya Rono dhidi ya Rono kwamba binti hawawezi kupunjwa kwa sababu huenda wataolewa. Unayetaka binti yako asirudi mahakamani kudai, mpe fungu lake katika wasia.

Wasia hubadilishwa kwa kuandika mwingine unaofuta wa kwanza, au kwa kuuchana au kuuchoma kwa nia ya kuufuta. Ndoa mpya nayo huufuta, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo hiyo. Mjane wa kiume anayeoa tena akiwa na miaka 68 hana budi kuandika wasia mpya. Maneno ya mdomo yana nguvu tu ikiwa yalisemwa mbele ya mashahidi wawili na msemaji akafariki ndani ya miezi mitatu. Mzee aliyewaita wanawe Krismasi akawagawia kwa mdomo, kisha akaishi miaka mingine minne, hakuacha wasia.

Mahali pa kuzikwa usipategemee wasia, kwa sababu mara nyingi hufunguliwa baada ya mazishi, na mahakama haziyachukulii maagizo ya mazishi kama zinavyochukulia mali. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake na ukoo wakashindana mahakamani hadi Mei 1987, ndipo akazikwa Nyalgunga, Siaya, walikotaka watu wa ukoo. Andika barua ya pembeni na uongee na pande zote mbili mapema.

Usipoacha wasia, sheria itakugawia. Mwenzi aliyebaki hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote, kisha watoto hugawana sawa. Shemeji hana mamlaka ya kumfukuza mjane bomani wala kumlazimisha arithiwe. Kwa mume mwenye wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, kila mke aliye hai akihesabiwa kama fungu moja zaidi. Chukua mfano wa ekari 16, mke wa kwanza na watoto wanne, mke wa pili na watoto wawili, wake wote wakiwa hai. Nyumba ya kwanza ina mafungu matano na ya pili matatu, jumla manane. Ya kwanza itapata ekari 10, ya pili 6. Mzee aliyedhani kila nyumba itapata nusu aandike wasia wa kusema hivyo.

Waislamu wa Mumias, Kisumu au Nakuru hufuata sheria ya Kiislamu: wasia hauzidi theluthi moja ya mali baada ya madeni, na haumpi mrithi aliye na fungu lake tayari. Mahali pa kuuliza ni kwa Kadhi.

Hatua ya sita: fedha

Fedha hazifuati njia moja na shamba. Pensheni ya mpango wa kazini haihesabiwi kuwa sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mpango, yaani wanaousimamia, huilipa kwa kufuata kanuni zao na fomu ya walioteuliwa. Sako nayo hutazama jina la mteuliwa uliyemwandika. Kosa ninaloliona kila mara ni fomu iliyojazwa mwaka ulioajiriwa, yenye jina la mama mzazi aliyekwisha kufariki au la mke mliyeachana. Nenda afisi ya sako na ya pensheni, uombe kuonyeshwa jina lililopo, ulibadilishe, na uondoke na nakala yenye muhuri. Ukimteua mtoto mdogo, andika pia mtu mzima atakayempokelea.

Akaunti ya benki ya jina moja hufungwa mwenyewe anapofariki, mpaka mamlaka ya mirathi yapatikane. Wanandoa wanaweza kufungua akaunti ya pamoja yenye maelekezo ya maandishi kwamba aliye hai ndiye mwenye salio. Familia isiyojua kwamba akaunti ipo haitaidai, na baada ya miaka mitano ya kukaa kimya pesa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Zikifika huko warithi bado wanaweza kuzidai, ila kwa safari nyingi zaidi. Kwa hiyo jina la benki na tawi liwe katika daftari lako. Namba ya siri ya kadi au ya M-Pesa isiwemo, wala asipewe mjukuu anayekutolea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee.

Hatua ya saba: ukishindwa kujiendesha

Hati ya uwakilishi humruhusu mtu unayemwamini kufanya mambo kwa niaba yako: kupokea kodi ya nyumba, kulipa ada, kufuatilia hatimiliki. Ieleze kazi moja moja, iwe na tarehe ya mwisho, na kama inagusa ardhi isajiliwe kwa msajili. Usitoe hati inayosema "afanye lolote". Kumbuka kwamba hati ya kawaida hukoma mwenye mali anapofariki, na haifai tena anapopoteza akili. Mzee akishasahau majina ya wanawe, njia halali ni kuiomba mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, imteue msimamizi wa mali yake, ambaye atatoa hesabu. Kumshika mkono ili aweke dole gumba ni ulaghai, hata kama pesa ni za dawa zake.

Anayehofia kwamba jamaa au dalali ananyemelea shamba lake aweke zuio kwa msajili wa ardhi. Mke au mume anayehofia mwenzake atauza kwa siri anaweza kufanya vivyo hivyo. Usitie sahihi fomu ya uhamisho yenye nafasi wazi, na usimkabidhi mtu hatimiliki halisi "aipeleke kupigwa picha".

Hatua ya nane: weka karatasi na uwajulishe watu

Wasia halisi ni mmoja. Ukae kwa wakili, au kwenye kasha la benki, au kwa msimamizi uliyemteua, katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi. Watoto hawana haja ya kujua kilichoandikwa, lakini wajue kwamba upo, uko wapi na nani ni msimamizi. Usome upya kila linapotokea jambo kubwa: kifo, ndoa, kununua au kuuza ardhi, mjukuu aliyeachiwa kwako umlee.

Kabla ya kumlipa wakili, hakikisha jina lake limo katika orodha ya wenye leseni ya mwaka huo, na umwombe akuandikie gharama kwa hatua. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa serikali uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na wanawake wa eneo la ziwa wana afisi ya FIDA, chama cha mawakili wanawake, mjini Kisumu. Mzozo ukiwa tayari umefika kortini, omba upelekwe kwa usuluhishi ulio chini ya mahakama. Makubaliano ya ndugu yakishaandikwa na kupokewa na hakimu hutekelezwa kama uamuzi wowote, na kesi ya shamba la ekari mbili hailazimiki kungoja zamu yake ya kusikizwa.